Gari Alilochonga Baba

Gari lililetwa kwetu Shauri Moyo likivutwa kwa kamba na lori la mjomba, na kabla halijafika mlangoni lilikuwa limeshaangusha vipande viwili njiani. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli nje ya nyumba, magongo yameegemea ukuta, nachambua mchele. Jirani yetu, mjane wa Kiswahili aliyekuwa akiuza viazi karai hapo nje, alisimama na mwiko mkononi akaliangalia kuanzia pua hadi mkia.

"Fundi," akamwambia baba, "umetuletea gari au umetuletea msiba?"

Baba akacheka. Mimi sikucheka. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sikuona cha kuchekesha. Lilikuwa gari dogo la pua fupi, lenye mlango mmoja mkubwa nyuma uliofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Zamani lilikuwa la samawati. Sasa lilikuwa na kutu kila mahali, na kupitia matundu ya sakafu ungeweza kuona barabara. Mwalimu mmoja, mteja wa baba, alikuwa amelitupa nyuma ya nyumba yake miaka mingi, na alipokuwa anahama baba akamchongea kasha la nguo, wakabadilishana. Kasha lile lilikuwa zuri sana. Nilimwambia mama kwamba waliopunjwa ni sisi.

Baba hakuwa mekanika. Alikuwa mchongaji. Alitoka Ukambani kijana na tezo yake, na kila asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka Pumwani kuketi na wachongaji wenzake chini ya mabati, wakichonga twiga, vifaru na vijiko vya saladi vya kuuzia watalii. Hakuwa na leseni. Hakuwa amewahi hata kushika usukani. Ukimwuliza injini iko wapi angekuonyesha, lakini usingemwuliza swali la pili.

Alilileta kwa sababu ya barua.

Polio ilinipitia nikiwa na miaka mitatu. Mguu wa kulia ulikufa kabisa, nikavalishwa vyuma kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu. Wa kushoto ulibaki na nguvu nusu nusu. Lakini nilisoma, nikamaliza, na nikiwa na miaka ishirini na mitatu nikapata kazi ya opereta wa simu katika ofisi moja mjini. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kufanya kazi ya ofisini kabla yangu. Na jamani, kazi ile niliipenda! Unavaa vile vya masikioni, unachomeka waya hapa, unachomoa pale, watu wakubwa wakubwa wanangoja wewe uwaunganishe. Kwenye simu hakuna aliyejua nina magongo. Nilikuwa sauti tu, na sauti ninayo.

Shida ilikuwa kufika. Simu zilifunguliwa saa mbili kamili. Utingo wakiniona nimesimama kituoni na magongo walimpigia dereva bodi aendelee: "Twende, twende, huyo atatuchelewesha!" Kwa hiyo nilitembea, kupitia Gikomba, mama akinishikia mkoba, na siku za mvua tope lilishika magongo likakataa kuyaachia. Nikafika saa mbili na robo, saa mbili na nusu. Bosi wangu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na utaratibu wake: barua ya kwanza ni onyo, ya pili ni onyo, ya tatu ni ya kwenda nyumbani.

Barua ya kwanza ilikuja mvua za masika zilipokolea. Nilimsomea baba kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza hakukijua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Zinaruhusiwa ngapi?" akauliza.

"Mbili. Ya tatu ni kufutwa."

Akachukua kofia yake akatoka. Wiki iliyofuata ndipo lori la mjomba lilipokuja likivuta lile jambo.

Siku za mwanzo alilizunguka tu. Alilipapasa kwa kiganja, akaligonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio, vile vile alivyokuwa akigonga gogo kabla ya kulikata, kujua kama ndani kumeoza. Kisha akaanza kazi, na alianza vile alivyojua. Kwa mchongaji, mti ukioza mahali dawa ni moja: unautoa uozo wote mpaka ufikie ubao mzima. Huachi hata chembe. Basi baba akachukua nyundo, patasi ya chuma na mkasi wa bati, akaanza kuifuata kutu. Akaifuata chini ya miguu ya dereva, akaifuata chini ya viti, akaifuata kwenye kingo za milango. Kila Jumamosi mchana, na kila Jumapili baada ya kanisa, alikuwa chini ya gari lile akigonga na kukata, na kila kipande alichotoa alikitia kwenye gunia.

Yule mjane alikuwa akimtazama huku akigeuza viazi vyake. "Fundi," akamwambia siku moja, "hiyo kutu unayoitoa, si ndiyo inayoshikilia gari?"

"Siwezi kujenga juu ya uozo, mama," baba akajibu, akaendelea kukata.

Jumapili moja, kama mwezi wa saba hivi, baba alichoka akaketi kwenye ukingo wa mlango ili anywe chai. Gari likatoa mlio wa kukwaruza, wa polepole, likabonyea katikati. Pua ikainuka kidogo, mkia ukainuka kidogo. Alipojaribu kufunga mlango haukufunga. Wa upande wa pili nao haukufunga. Sakafu yote ilikuwa kwenye gunia, na hakikubaki kitu cha kushikanisha mbele na nyuma ila paa.

Vijana wa mtaa walikuja mbio. "Sasa mzee!" mmoja akasema. "Hii gari utaendesha na miguu yako mwenyewe!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nilitamani kumrushia gongo, na kama ningejua nitalipata tena ningemrushia.

Baba aliweka kikombe chini. Aliingia ndani, akaketi, na nikamsikia akimwambia mama kwa sauti ndogo, "Mimi nimezoea kutoa. Maisha yangu yote natoa tu. Kurudisha sikujifunza."

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo nikapata barua ya pili. Nilifika nyumbani nimechoka, makwapa yamechubuka, nikalikuta lile gari limejikunja pale nje. Nikamwambia baba maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka uso unanichoma. Nilimwambia, "Ungeliacha kama lilivyokuwa. Angalau lilikuwa na sakafu." Alinitazama, akasema, "Ni kweli," basi. Angenikaripia ningepata nafuu.

Kwa juma zima hakuligusa. Halafu Jumamosi akaliburuta lile gunia nje, akalimwaga. Nyumbani kwetu vibanzi vya kazi ya baba mama alivichoma jikoni, hakikutupwa kitu. Hivi vya chuma havikuchomeka, ndiyo maana vilikuwa bado vipo vyote. Akaanza kuvipanga chini, kimoja kimoja, mtu anavyopanga vigae vya sahani iliyovunjika. Kipande hiki na hiki. Hapana, hiki na kile. Ilimchukua siku mbili, na Jumapili jioni sakafu nzima ya gari ilikuwa imelala uani kwetu, ina matundu kama chujio, lakini imekamilika, na matuta yake na mabonde yake yote unayaona. Majirani walikuwa wakiizunguka wakielekea bombani kuchota maji, na hakuna aliyeikanyaga.

Jumatatu akarudi kutoka Pumwani na mbao za mjakaranda. Akaketi mbele ya vile vipande, akashika tezo, na hapo ndipo nilipomwona baba yangu vizuri kwa mara ya kwanza. Siku zote nilikuwa nimemwona akichonga, lakini twiga mtu anachonga hata akisinzia. Sasa alikuwa akichonga sakafu ya gari. Kila tuta alilipima kwa shubiri na kwa uzi. Alichonga, akageuza, akalinganisha, akatoa unyoya mmoja wa mti, akalinganisha tena. Alichonga kingo za milango. Alichonga hata lile pindo dogo chini ya kiti ambalo hakuna mtu angeliona mpaka kufa kwake. Nikamwuliza kwa nini anahangaika na hilo. Akasema, "Kama lilikuwepo, lilikuwa na kazi."

Mjomba alipakia mbao zile kwenye lori, wakaenda na baba Kariobangi kwa fundi wa bodi, nami nikaenda nao kwa sababu ilikuwa Jumamosi na kwa sababu mimi mdadisi. Yule fundi alipoona kinachoshushwa aliita wenzake waje wacheke. "Mzee ameleta kitanda!" Kisha akainua ubao mmoja, akapitisha kidole kwenye tuta, akarudia tena. Akachukua bati la pipa, akalilaza juu ya ubao, akagonga kidogo kwa nyundo. Bati likakaa. Akagonga tena. Bati likaingia kwenye bonde bila ubishi.

"Mzee," akasema, na safari hii hakuwa anacheka, "mimi kazi hii naifanya kwa kukisia. Macho na nyundo, basi. Wewe umenipa mwili wa kugongea."

Aligonga wiki mbili. Baada ya hapo alikuja Shauri Moyo na mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni, na kabla hajawasha moto baba alikuwa ameinua gari kwa jeki na magogo, kidogo huku, kidogo kule, asubuhi nzima, akifungua na kufunga milango. Milango ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Ilipokubali kufunga yote miwili kwa kidole kimoja tu, akamwambia fundi, "Sasa choma." Fundi akachomelea sakafu, na magogo yalipotolewa gari halikushuka hata unywele. Yule mjane akaja, akafungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena. "Mashallah," akasema, na kwa jinsi ninavyomjua, hiyo ilikuwa hotuba.

Injini alishughulika nayo mjomba, ambaye ni dereva na anazijua. Rangi tulipaka nyekundu baada ya baba kulisugua kwa msasa siku nyingi kuliko nilizokuwa nazo za subira. Na alipomaliza akachukua kitambaa na rangi ya viatu, akapaka dashibodi, kama anavyopaka vifaru vyake. Mjomba alimwambia magari hayapakwi rangi ya viatu. Baba akamwambia, "Hili limepakwa."

Katikati ya hayo yote kulikuwa na kituko cha ugali. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana Jumapili, nimekata tonge kubwa nalibinya, baba akaushika mkono wangu.

"Hapo hapo. Binya kwa nguvu. Kama unashika kitu kisikuponyoke."

Nikabinya. Akalichukua lile tonge kutoka kiganjani mwangu, taratibu, akaliweka juu ya kabati.

"Wee!" mama akapiga kelele. "Chakula kinaenda kabatini? Watu wana njaa mji huu!"

Baba akaendelea kula mboga zake. Tonge likakauka pale juu, likawa gumu kama jiwe, halafu siku moja halikuwepo. Nilidhani mama amelitupa.

Kwa wakati huo mimi nilikuwa na ugomvi mwingine. Gari lilikuwa linakaribia kukamilika, bosi alikuwa ameniambia wazi kwamba barua ya tatu iko kwenye droo yake na imebaki tarehe tu, na hakuna mtu aliyekuwa amesema nani ataendesha. Mjane ndiye aliyeuliza. "Na dereva je, fundi? Maana wewe mwenyewe hata mkokoteni humudu."

"Dereva yupo," baba akasema.

Nikajua ni mjomba. Mjomba! Nilimpenda mjomba wangu, lakini mjomba akisema anakuja saa moja, wewe pika chakula cha saa tano. Na lori lilimpeleka Mombasa siku yoyote lilipotaka. Nikamkabili baba pale nje mbele ya watu, nikamwambia kwamba kama ni kupelekwa kazini na mjomba, heri nitembee, kwa sababu nimechoka kuwekwa mahali kama mzigo halafu ningoje mtu akumbuke kuja kunichukua. Mama akaniambia nishushe sauti. Sikuishusha.

Baba alikuwa amelala chali chini ya usukani, miguu nje, anakaza kitu. Hakutoka. Alisema tu, "Nipe bisibisi hiyo."

Nikampa bisibisi, nikaingia ndani nikabamiza mlango.

Jumamosi iliyofuata aliniita. Gari lilikuwa limeoshwa. Nikaenda upande wa abiria, nikafungua, nikaanza kugeuza mgongo nikae.

"Si huko," baba akasema.

Nikamwangalia. Alikuwa amesimama upande wa pili, ameshikilia mlango wa dereva.

Nilizunguka na magongo yangu, na ile safari ya kuzunguka pua ya gari naikumbuka yote. Niliketi. Chini ya usukani, upande wa kulia, palikuwa na fimbo ya bomba la chuma iliyoshuka mpaka kwenye breki, na juu ya bomba kishikio cha mpingo, cheusi, kinang'aa. Nikakishika. Vidole vyangu vikaingia kila kimoja mahali pake. Lilikuwa lile tonge. Alikuwa amechonga umbo la ndani ya kiganja changu.

"Ukisukuma mbele, ni breki," akasema. "Na hii," akanionyesha mkono wa breki ya baiskeli uliofungwa kando ya kishikio, "ukibinya, ni mafuta. Klachi una mguu wa kushoto. Nimelegeza springi, itakubali."

Alikuwa hajui kuendesha. Alikwenda kwa mjomba akauliza kila pedali inafanya nini, akaenda kwa fundi wa baiskeli akauliza waya unavuta vipi, akakaa Pumwani akafikiria.

"Na wewe utaendesha lini?" nikamwuliza.

"Mimi gari la nini? Pumwani naenda kwa miguu."

Nililia. Sijui kama ni aibu au furaha au ile hasira yangu ilikosa pa kwenda. Nililia kwa sauti hadi mjane akaacha viazi vikaungua.

Mjomba alinifundisha uwanjani Kamukunji, na nikiri kwamba kwa hili hakuchelewa hata mara moja. Wiki ya kwanza nilizima injini mara nyingi mpaka watoto wakawa wanahesabu kwa pamoja. Wiki ya tatu waliacha kuja, hakukuwa tena na burudani. Siku ya mtihani mkaguzi aliangalia magongo yangu, akaangalia ile fimbo, akaniomba nishuke. Nikajua yamekwisha. Kumbe alitaka kukaa yeye. Akakishika kile kishikio, akakiona hakimkai vizuri mkononi, akasukuma, akabinya, akashuka. "Nani alitengeneza?" Nikamwambia ni baba yangu, mchongaji. Akaingia upande wa abiria, akafunga mlango kwa kidole kimoja, akasema, "Twende."

Jumatatu niliamka kabla ya jogoo wa mtu yeyote. Mama alitaka kuja nami. Mjomba alisema atanifuata na lori. Nikawakatalia wote. Baba hakuomba kuja. Alifungua ule mlango mkubwa wa nyuma, akalaza magongo yangu vichwa vikielekea mbele ili niyafikie nikiwa kitini, akaufunga, akagonga paa mara mbili kwa kiganja, nikaondoka.

Nilipita kituoni polepole. Niliwaona watu wamesimama, na utingo mmoja nilimtambua. Nilikuwa nimepanga mambo mengi ya kumwambia, lakini ilinibidi nibadilishe gia, na nilipomaliza kubadilisha nilikuwa nimeshampita.

Nilifika ofisini saa moja na dakika tano. Geti lilikuwa halijafunguliwa. Nikasimamisha gari kando ya ukuta, nikazima injini. Barabara ilikuwa tupu. Nikakaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kufika mahali bila mtu wa kunishikia kitu.

Askari wa zamu alitoka kwenye kibanda chake, mzee mmoja wa koti kubwa. Alikuwa ameniona kila asubuhi nikija na mama, tope mpaka magotini. Safari hii aliona gari jekundu na mwanamke ndani peke yake, hakunitambua. Akainama, akagonga kioo.

"Madamu, unangoja nani?"

Nikateremsha kioo.

"Singoji mtu, mzee," nikamwambia. "Fungua geti."